Shemeji, Shika Hapa

Jamani, Minneapolis mwezi wa kwanza si mahali pa kumpigisha mtu magoti. Nje hasi 20, saa kumi na moja na nusu jioni giza totoro, na mimi niko chini kwenye zulia na pini mdomoni kama fundi wa Kariakoo. Kisa? Mke wangu na shoga yake wanashona kwilti, yale mablanketi ya viraka ya Wamarekani. "Shemeji, shika hapa. Vuta. Usivute sana!"

Naomba mtu anieleweshe. Unakwenda dukani, unanunua kitambaa kizima, kizuri, kwa hela ya jasho langu. Unafika nyumbani unakikatakata. Halafu baridi yote inakwisha ukiunganisha vile vipande viwe kitambaa tena! Kwetu tulitia kiraka kwa sababu suruali imechanika. Hatukuichana ili tupate kiraka.

Na hawataki ubabaishaji. Mshono uingie robo inchi. Ukizidisha milimita moja tu kila mahali, mishono ishirini imeshakula sentimita nne, maana kila mshono unakula pande mbili, pembe hazikutani, fumua! Kila mshono upigwe pasi, na hita mke wangu kaishusha, eti pasi inatosha kupasha chumba. Katikati ya kila mraba kuna kipande chekundu. Nikauliza cha nini.

"Huu mtindo wa kibanda cha magogo, shemeji. Hapo ndipo jikoni, moto unawaka."

Moto wa kitambaa! Nikanyoosha mikono niote.

Vitambaa vilipoisha wakarukia kanga. Kanga za doti, nilizozilipia kilo za ziada uwanja wa ndege Dar! Sasa majina yamevurugika: "Nani kama" imeshonewa kwa "adui", na "hauozi" imeangukia kwenye "wivu". Ndilo la kulalia mtu na mkewe hilo?

Wala sikulilalia. Lilipokamilika, juu viraka, katikati pamba, chini kitambaa cha kuzibia, limetiwa mistari ya uzi likashikana, zito lile la kumkomesha baridi, wakalikunja wakalituma kwa mwenzao aliyejifungua Phoenix, Arizona. Arizona, jangwani! Kiangazi chao kinapita nyuzi 40!

Nikalalamika. Mke wangu akasema nivae soksi. Shoga yake akainua macho kutoka kwenye cherehani, akanitazama kuanzia kiunoni kushuka chini.

"Shemeji, hiyo jinzi bado unaivaa?"