Scalenodon wa Ruhuhu: jina moja, wanyama wangapi?

Mwaka 1933 Mwingereza Francis Rex Parrington alipita Bonde la Ruhuhu, kusini magharibi mwa Tanganyika, akaondoka na mifupa ya wanyama waliokufa zaidi ya miaka milioni 230 iliyopita. Mmoja wao, mla majani, alimpa jina mwaka 1946: Trirachodon angustifrons. Halikudumu. Mwaka 1955 Alfred Crompton aliyatazama upya meno ya mnyama huyo, akasema huyu si Trirachodon hata kidogo, akamwanzishia jenasi yake (kundi la spishi zilizo karibu kinasaba), Scalenodon. Mwaka 1972 Crompton huyohuyo akamletea ndugu watatu kutoka miamba hiyohiyo ya bonde, iitwayo Manda. Wawili kati yao wana majina yanayowakumbuka Attridge na Charig, waliokuwa kwenye msafara wa Waingereza wa 1963. Wa tatu, hirschsoni, alitolewa nje ya nyumba hiyo mwaka 2014, James Hopson alipomwita Mandagomphodon.

Asiyeyafuatilia mambo haya atauliza kwa haki: mifupa ni ileile, mbona majina hayatulii? Jibu la haraka ni kwamba elimu inakua. Ni kweli, lakini jibu hilo linafunika ugomvi wa zamani kati ya watu wanaopenda kutenga spishi na watu wanaopenda kuziunganisha, na ugomvi huo haujaisha.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Scalenodon ni sinodonti wa Kipindi cha Triasi, yaani jamaa wa mamalia. Si mamalia, wala si mtambaazi, ingawa vitabu vya zamani viliwaita watambaazi wanaofanana na mamalia. Ni tawi ambalo ndani yake mamalia walikuja kuchipuka. Kinywani ana meno ya mbele, chonge na magego, kila aina na kazi yake, jambo ambalo mjusi au mamba hana. Katika familia yake, ya traversodonti, magego ya juu yametanuka kwenda upande na kukutana na ya chini kwa namna ya kusaga. Kwa kuwa meno ni magumu na hudumu kuliko mfupa mwingine wowote, mara nyingi ndiyo yanayobaki, na ndiyo yanayoamua jina. Vilele viko wapi, tuta linalokatiza gego limekaa mbele au nyuma: hapo ndipo jenasi huzaliwa au hufa.

Wanaounganisha wana hoja nzito, na ushahidi wao mzuri kuliko wote umetoka Argentina. Katika miamba ya Chañares, mkoani La Rioja, Alfred Romer alitaja spishi mbili za Massetognathus mwaka 1967, kisha mwaka 1972 akaongeza spishi nyingine kubwa na jenasi nzima mpya, Megagomphodon. Wanyama wanne, eneo moja, wote wala majani wa familia moja. Mwaka 2000 Fernando Abdala na Norberto Giannini walipima mafuvu mengi, kutoka madogo hadi makubwa, wakaona vipimo vyote vinapanda ngazi moja ya ukuaji. Walichokiona ni mnyama mmoja, Massetognathus pascuali, aliyekutwa akiwa mtoto, kijana na mtu mzima.

Mtu wa pwani hahitaji hesabu kulielewa hili. Kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi: majina matano, mnazi mmoja. Mgeni akiletewa matunda hayo mezani bila kuonyeshwa mti, atakuwa na kila sababu ya kuandika miti mitano. Ndivyo ilivyotokea pia kwa Cynognathus, sinodonti mla nyama wa miamba ya Karoo huko Afrika Kusini. Alirundikiwa majina ya spishi tangu mwishoni mwa karne ya 19, na leo imebaki moja, Cynognathus crateronotus. Mengi ya majina yale yaliandikwa na watu waliokuwa na fuvu moja, wakati mwingine limebonyezwa na uzito wa mwamba hadi umbo likapinda. Kupinda huko nako kulihesabiwa kuwa tofauti.

Kwa hiyo wanaounganisha wameshinda? Ningekubali, kama si Ziwa Nyasa.

Mto Ruhuhu humwaga maji yake humo, karibu na Manda, na ndani ya ziwa hilo kuna mamia ya spishi za samaki wa jamii ya sikilidi, wakiwemo wale wa kwenye mawe wanaoitwa mbuna. Wengi wanatambulikana kwa rangi, kwa mahali wanapokula, kwa namna dume anavyomvuta jike. Wakaushe, waache mifupa tu, wazike kwenye tope kwa miaka milioni 240, halafu mpe mtaalamu awapange. Ataunganisha, tena kwa furaha, na atakuwa amekosea mara nyingi kuliko anavyodhani. Mfupa hauhifadhi kila kinachomtenga mnyama na mwenzake. Anayetenga, hata akizidisha, walau anaiacha tofauti ikionekana kwa atakayekuja baadaye. Ukishawaweka wote chini ya jina moja, hakuna anayerudi kufungua droo.

Scalenodon anawapa watengaji nguvu zaidi. Spishi zile nne zilikaa pamoja kwa miongo kadhaa kwa sababu zilitoka bonde moja na zilifanana kwa jumla. Wataalamu walipozipanga kwa uchambuzi wa nasaba, tabia kwa tabia, hazikukaa tawi moja. Jina lilikuwa limegeuka kapu. Hata kisukuku kutoka Urusi kilitiwa humo mwaka 1973, kikaja kuondolewa. Hapa kosa lilikuwa la kuunganisha, na Hopson alipotenga alikuwa anasafisha. Mwenzao Aleodon, naye wa Manda na aliyepewa jina na Crompton mwaka 1955, alisumbua kwa njia nyingine: magego yake mapana yaliwafanya wengine wamhesabu kati ya wala majani, kumbe sehemu nyingine za fuvu zinamvuta kwa chiniquodonti, upande wa wala nyama. Mwaka 2017 spishi ya pili ya Aleodon ilitangazwa kutoka kusini mwa Brazil, ikaitwa cromptoni.

Brazil na Ruhuhu wakati ule zilikuwa bara moja, Pangea, kwa hiyo si ajabu mnyama mmoja kufika kote. Lakini hapa ndipo majina yanapoacha kuwa kazi ya makabati ya makumbusho. Wanajiolojia huyatumia kupanga umri wa miamba: ukikuta Cynognathus huku na Cynognathus kule, unasema tabaka hizi ni za rika moja. Mwaka 2017 Cynognathus alitangazwa kwa mara ya kwanza kutoka Tanzania na Zambia, na swali la kwanza lililofuata lilikuwa la umri. Nalo lilikuwa limeshachafuka, kwani mwaka 2014 chembe za zirkoni, madini yanayotumiwa kupima umri wa miamba, kutoka miamba ya Puesto Viejo huko Mendoza, Argentina, ambako Cynognathus naye yupo, zilitoa umri wa takriban miaka milioni 236. Mazoea yalikuwa kuuweka ukanda wa Cynognathus wa Karoo nyuma zaidi ya hapo kwa miaka milioni kadhaa. Ama Karoo ni changa kuliko tulivyofundishwa, ama Cynognathus aliishi muda mrefu mno, ama wale tunaowaita kwa jina hilo moja si mnyama mmoja. Jibu la tatu halitajwi sana, na mimi naona linastahili kusikilizwa zaidi, hasa tukikumbuka jinsi spishi zile zote zilivyounganishwa.

Msimamo wangu unabadilika na mahali. Mahali pamoja, tabaka moja, mafuvu mengi ya kila ukubwa: unganisha, na mzigo wa kuthibitisha umwangukie anayetaka kutenga. Abdala na Giannini walionyesha jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Lakini kipande cha taya cha bara jingine kisipewe jina la spishi kwa sababu tu kinafanana. Kiitwe traversodonti, kiishie hapo. Jina refu juu ya mfupa mfupi ni deni, na wanaolilipa ni watu wa umri wa miamba.

Kuna na jambo la makumbusho. Fuvu linaloshika jina la Scalenodon angustifrons liko Cambridge, la Mandagomphodon liko London, na mafuvu mapya yaliyochimbwa Ruhuhu tangu mwaka 2007 ni mali ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kuyaweka mafuvu hayo mezani pamoja ni safari ya ndege na vibali, ingawa sasa picha za mionzi zinapunguza adha. Wakati mwingine mfupa hungoja sana: mtambaazi mkubwa aliyechimbwa huko mwaka 1963 hakupata jina rasmi hadi 2022, alipoitwa Mambawakale ruhuhu. Kwa msomaji wa Kiswahili hilo halihitaji tafsiri.

Kuhusu wale ndugu wawili waliobaki, attridgei na charigi, waandishi wengine hufanya jambo dogo ninalolipenda: huandika “Scalenodon” ndani ya alama za kunukuu. Maana yake ni kwamba jina hili tunajua si lake, lakini mfupa tulio nao hautoshi kumpa jingine.