Wahindu hawajachanganyikiwa na tarehe, tulieni

Kila ikifika Diwali kuna mtu kwenye grupu letu la WhatsApp lazima atume ile ya "hawa jamaa hata sikukuu yao hawajui ni lini", halafu zinafuata emoji za kucheka mpaka simu inapata moto. 2024 wengine walisherehekea 31 Oktoba, wengine 1 Novemba. 2025 yakawa yale yale, 20 au 21 Oktoba. Na wanaocheka ndo haohao ambao mwisho wa Ramadhani wanakesha hawajui kesho ni Idi au ni kufunga, wanabishana mwezi umeandama wapi na umeonwa na nani. Jamani!

Ngoja niwaambie 2024 ilikuwaje, maana utamu uko hapo. Tarehe kwenye panchang, yaani kalenda ya Wahindu, inaitwa tithi na haina habari na saa ya ukutani. Mwezi wa angani ukijitenga na jua kwa nyuzi 12 tithi moja imekwisha, tithi zikitimia 30 mwezi wa kalenda umekwisha, basi. Sasa huo wa angani haukimbii kwa mwendo mmoja, kuna wakati unachapa mbio na kuna wakati unajivuta, kwa hiyo tithi moja inaweza kuwa ya saa 19 na nyingine ikafika saa 26. Na siku inachukua tithi iliyopo jua linapochomoza, ndo maana kuna tarehe zinarukwa na nyingine zinajirudia. (Na nyie ambao jua likishachomoza ndo mnasema saa moja asubuhi, msijifanye mnashangaa.)

Diwali ni usiku wa amavasya, tithi ya mwisho, giza totoro, na puja (ibada) ya Lakshmi, mungu wao wa kike wa neema, inataka amavasya iwepo jua linapozama. Mwaka ule kwa saa za India amavasya ilianza 31 Oktoba saa kumi kasoro dakika nane alasiri, ikaisha 1 Novemba kama saa kumi na mbili na robo jioni. Yaani karibu nchi nzima jua lilizama mara mbili na amavasya bado ipo! We ungechagua jioni ipi? Halafu geuza masaa hayohayo yawe ya Dar: 1 Novemba amavasya ilikwisha saa kumi kasorobo, jua bado linawaka, kwa hiyo kwa Mhindu wa Kisutu, hapohapo Dar, hapakuwa na ubishi wowote, ni tarehe 31. Hii ndo hesabu mnayoicheka, inayojua umesimama wapi duniani.

Kingine ni mwezi wa ziada. Miezi 12 ya mwandamo ni siku kama 354, jua linataka 365, pengo siku 11. Sisi Waislamu tumekatazwa kuongeza mwezi, ndo maana Ramadhani inazunguka mwaka mzima. Wahindu wanangoja mwezi ambao jua halikuingia kwenye nyota mpya hata moja kati ya zile 12 za falaki, huo ndo wa ziada, na hauna jina lake, unaazima la unaofuata. Unatokea kila baada ya miezi 32 au 33 hivi. 2026 mwezi wa Jyeshtha uko mara mbili, wa ziada ni kuanzia 17 Mei mpaka 15 Juni. Harusi hazifungwi, watu wanazidisha ibada kwa mungu wao Vishnu, na Diwali inasogea mpaka 8 Novemba. Wazee wetu wa pwani nao walikuwa na shida hiyohiyo, wakaweka kalenda mbili: ya mwezi kwa ibada, na Nairuzi ya siku 365 kwa kilimo na safari za majahazi, imegawanywa miongo ya siku kumi kumi. Wahindu walifunga vyote kwenye mtambo mmoja, na mimi kwa hilo nawavulia kofia.

Haya, mapungufu yapo, msiseme napendelea. Mwaka wao wa jua unafuata nyota, so unachelewa kidogokidogo kwa majira, ndo maana sikukuu ya Makar Sankranti, inayotajwa kuwa ndo jua linageuza kwenda kaskazini, siku hizi inaangukia 14 Januari wakati jua lilishageuza tangu Desemba. Na kaskazini mwa India mwezi unaisha ukiwa mpevu, Gujarat unaisha gizani. Kero kweli.

Serikali ya India ilishajaribu kuwanyoosha. 1952 iliunda kamati chini ya Meghnad Saha, mwanafizikia mkubwa tu, wakakuta nchi ina kalenda kama 30, na 22 Machi 1957 ikaanza kutumika moja ya taifa, miezi ya jua, siku zimepangwa vizuri kama ofisini. Leo utaikuta kwenye gazeti la serikali. Ukutani majumbani inaning'inia panchang, na mama akitaka kujua lini afunge Ekadashi, funga ya tithi ya 11, hiyo ndo anaiendea.