Wanaoliita somo jepesi hawajawahi kuandika taarifa ya zamu

Msimu wa kuomba vyuo ukifika, maneno ni yaleyale. Fulani kachaguliwa kusoma afya na huduma za jamii, na lazima atokee wa kuguna: "Hiyo nayo kozi? Si kutunza wazee tu? Mama zetu wametunza wazee bila cheti." Anayesema hivyo mara nyingi hana ubaya. Anaona udaktari una mwili wa kupasua, sheria ina vifungu vya kukariri, uhandisi una hesabu. Hii ina nini?

Ina ugumu wa aina yake. Darasa la fizikia unaingia ukijua kwamba hujui. Huku unaingia ukidhani unajua, kwa kuwa umewahi kuugua, umewahi kuuguza, umewahi kukaa kwenye benchi la hospitali ukisubiri kuitwa. Kazi ya mwaka wa kwanza ni kukunyang'anya hayo unayodhani unayajua, na huku unatakiwa uandike insha yenye hoja na ushahidi.

Chukua swali la wiki za mwanzo kabisa: afya ni nini? Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 1948, inasema ni hali ya kuwa mzima kabisa kimwili, kiakili na kijamii, wala si kukosa ugonjwa tu. Darasa linaandika na kuridhika. Halafu mkufunzi anayejua kazi yake anauliza: huo uzima wa "kabisa" nani anaufikia? Mwenye kisukari anayejidunga sindano asubuhi, akaenda kazini, jioni akacheka na watoto wake, tumweke upande gani? Wasiopenda maswali yasiyo na jibu moja huanza kuangalia saa.

Kama ningepewa ratiba niipange, kuna utafiti mmoja ningeutengea muda kuliko mwingine wowote: ule wa watumishi wa serikali ya Uingereza unaojulikana kwa jina la Whitehall, ulioanza 1967. Waliofuatiliwa ni wanaume zaidi ya 17,000. Wote walikuwa na ajira, tena serikalini, katika nchi ambayo tangu 1948 mgonjwa haulizwi pesa mlangoni. Ungetarajia maradhi ya moyo yawapate sawasawa, au yawaelemee zaidi wakubwa wenye majukumu mazito. Ikawa kinyume. Wa ngazi ya chini kabisa, akina tarishi na walinda milango, walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango cha kama mara tatu ya wakubwa wa juu, na kila ukipanda ngazi moja vifo vinapungua. Uvutaji sigara na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Kijana aliyekuja akiamini kwamba watu huugua kwa uzembe wao atazunguka na takwimu hizi akitafuta pa kutokea, na ni vizuri azunguke. Baadaye atakutana na Julian Tudor Hart, daktari wa kijiji cha wachimba makaa huko Wales, aliyeandika 1971 kwamba tiba nzuri huelekea kupatikana kwa uchache pale inapohitajika kwa wingi. Hapo ataacha kumwona mgonjwa peke yake kitandani.

Lakini nadharia hizo, pamoja na utamu wake, si ndizo ngumu zaidi. Kigumu ni kuandika sentensi mbili kuhusu mtu aliyekula chakula cha mchana.

Tuseme kuna bibi aliyepata kiharusi. Mhudumu kamletea sahani, baadaye kaiondoa ikiwa na chakula nusu, kaandika kwenye kumbukumbu: "Amekataa kula." Anayepokea zamu anaisoma. Jioni inaandikwa tena. Siku ya tatu bibi ana sifa ya ukaidi, na wahudumu wanamwendea wakiwa wamejiandaa kwa ugomvi. Sasa soma taarifa ya mwingine aliyekaa naye: "Saa 7 mchana. Amekaa kitini, wima. Amekula chakula chote cha upande wa kulia wa sahani, akaweka kijiko chini. Sahani ilipogeuzwa, akaendelea kula." Bibi ni yuleyule na chakula ni kilekile. Kiharusi kinaweza kumfanya mtu asiione, au asiitambue, nusu ya kilicho mbele yake, hata kama macho yenyewe hayana kasoro. Taarifa ya kwanza imetoa hukumu. Ya pili imeandika kilichoonekana, na muuguzi akiisoma ana pa kuanzia.

Mwanafunzi hujifunza hili kwa tabu kwelikweli. Shuleni alisifiwa kwa kuhitimisha haraka, na huku anatakiwa aiache hukumu kwanza, aandike macho yaliona nini, saa ngapi, mtu alikuwa amekaa vipi, alisema nini kwa maneno yake mwenyewe. Halafu aandike kwa ufupi, maana anayepokea zamu hana nafasi ya kusoma riwaya.

Sahani hiyohiyo inaonyesha pia kwa nini afya na huduma za jamii zinafundishwa pamoja. Kumlisha bibi ni kazi ya nani? Muuguzi atasema ni ya mhudumu. Mhudumu atasema akipaliwa, hilo ni suala la kitabibu. Afisa ustawi wa jamii anataka kujua akirudi nyumbani nani atakuwepo saa ya chakula. Kila mmoja ana fomu yake, bajeti yake na bosi wake, na bibi hana habari na mipaka hiyo. Anachojua ni njaa. Mgawanyo huu ni wa maofisi, na mwaka wa kwanza ndio wakati pekee ambapo muuguzi mtarajiwa na afisa ustawi mtarajiwa wanakaa dawati moja kabla kila mmoja hajafundishwa kumlaumu mwenzake.

Mfano ninaoupenda hapa ni Cicely Saunders. Alianza kama muuguzi, mgongo ukamtatiza, akageukia ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari akiwa mtu mzima na kuhitimu 1957. Miaka kumi baadaye alifungua St Christopher's, London, hospisi iliyobadilisha namna ya kuwahudumia watu walio karibu na kifo. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya akili, ya kijamii na ya kiroho kwa pamoja. Sidhani angeliona hilo kwa urahisi kama angesomea udaktari peke yake.

Kozi hizi zina udhaifu wake, na mmoja hunikera: insha za tafakuri, zile ambazo mwanafunzi huandika kuhusu tukio alilopitia mwenyewe na alichojifunza. Vyuo vingi hutumia mzunguko wa Graham Gibbs wa 1988, wenye hatua sita: eleza kilichotokea, ulivyojisikia, kilichoenda vizuri na vibaya, uchambuzi, hitimisho, utakachofanya safari nyingine. Wazo ni zuri. Shida huanza alama zinapowekwa. Mwanafunzi mwerevu anagundua mapema kwamba mkufunzi anapenda majuto kidogo aya ya pili na mabadiliko makubwa aya ya mwisho, basi anayatengeneza. Matokeo yake ni marundo ya insha ambazo kila mtu kabadilika na hakuna aliyeona kitu. Mimi ningezipunguza kwa nusu, na muda unaobaki ungekwenda kwenye uandishi wa kumbukumbu, usikilizaji, na hesabu za vipimo vya dawa, ambazo wengi huzikimbia.

Jambo jingine ni wanafunzi waliokwisha kulea mgonjwa nyumbani kabla ya kuja chuo. Wapo wengi, hasa wanaosoma wakiwa watu wazima, na wana maarifa ambayo mhadhara hauwezi kuyatoa. Wanajua kumgeuza mtu kitandani bila kumkwaruza ngozi, wanajua vidonda vya kulalia huanzia wapi. Ila mzazi wako alikuvumilia. Mgeni ana haki ya kuombwa ridhaa kabla hujamgusa, ana haki ya siri, ana haki ya kukataa msaada unaomfaa. Kwa waliozoea kuamua kila kitu kwa ajili ya mgonjwa wao, somo la ridhaa huwa gumu kuliko anatomia, na nimeona mabishano yake yakiendelea hadi nje ya darasa.

Kwa anayefikiria kuomba nafasi, usihangaike sana na jina la kozi, maana kila chuo kina lake. Uliza mafunzo ya vitendo yanaanza muhula gani, na nani anakusimamia ukiwa huko. Uliza pia kama wahudumiwa wenyewe na walezi wao wanashiriki kufundisha. England, shahada ya ustawi wa jamii ilipoanzishwa 2003, vyuo vilitakiwa kuwashirikisha, na saa moja ya kumsikiliza mtu anayeinuliwa kitandani kila siku na mikono ya watu wengine hufundisha mambo ambayo mhadhiri atayasoma tu. Chuo kikijibu kwamba hao huletwa siku ya sherehe kupiga picha, endelea kutafuta.