Kinywaji cha kukaribisha: kwa nini mwisho wa Old una haki yake

Walioitazama Old, filamu ya M. Night Shyamalan ya mwaka 2021, wengi wanaisifu mpaka dakika za mwisho, kisha wanakasirika. Familia zilizo mapumzikoni hotelini zinapelekwa kwenye ufuo wa faragha ambako nusu saa ni mwaka mzima, na kutoka haiwezekani. Trent anaingia akiwa na miaka 6. Kabla ya kesho yake ameshakuwa baba na amempoteza mwanawe. Halafu tunaambiwa siri: hoteli inatumiwa na kampuni ya dawa inayowajaribia wageni dawa zake, kwani ufuoni matokeo ya miaka mingi yanaonekana kwa siku moja, na kila familia ilichaguliwa kwa sababu ina mgonjwa.

Wanaolaumu wanasema maelezo hayo yanaua hofu. Hoja yao ina uzito. Kitabu cha katuni cha Pierre Oscar Lévy na Frederik Peeters, chimbuko la filamu hii, hakitoi jibu lolote: watu wanazeeka na kufa, basi. Na kweli, wale watafiti wa kampuni wanajieleza mno mwishoni mwa filamu.

Lakini rudi mapokezi. Wageni wanakabidhiwa kila mmoja kinywaji alichotengenezewa yeye, wanatabasamu, wanakunywa. Sisi tuliozoea kumpokea mgeni kwa dafu hatuoni neno hapo. Nani amuulize mwenyeji ametia nini? Dawa ya majaribio imo mle. Uondoe ule mwisho, na bilauri hizo zinabaki mapambo ya hoteli. Ukishaujua, zinatisha kuliko mifupa yote inayovunjika ufuoni.

Baadaye watafiti wanakaa kimya kidogo kuwakumbuka waliokufa, kisha wanashangilia kwamba dawa ya kifafa imefaulu. Utetezi wao ni kwamba itaokoa wengi.

Hayo si ya kubuni tu. Kuanzia 1932 hadi 1972, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 huko Tuskegee, Alabama. Kati yao 399 walikuwa na kaswende, nao waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Penisilini ilipoanza kutumika miaka ya 1940, hawakupewa. Walichopewa ni usafiri, chakula cha moto siku za kupimwa na gharama za mazishi. Kile chakula cha moto hakinitoki akilini. Na ile miaka 40, kwa saa ya ufuo wa Shyamalan, ni saa 20: asubuhi moja mpaka usiku wa manane na ushee. Tuskegee ilichukua muda mrefu kiasi kwamba watumishi waliondoka, wengine wakaja, na kazi ikaendelea. Filamu imekunja muda huo mpaka tukawaona mtoto na kaburi ndani ya siku ile ile.

Ndiyo maana siwezi kukubali ile hofu ya kitabu, isiyo na mwenyewe. Dereva anayewashusha wageni, ambaye Shyamalan anamwigiza mwenyewe, anapanda juu kuwatazama kwa mbali kupitia lenzi. Mwamba unaouzunguka ufuo ndio unaowazeesha, sawa, lakini mwamba hautumi gari hotelini kuchukua watoto.