Mbwa Amepatikana, Mwenyewe Hajapatikana

Mbwa akiletwa kituoni na mpita njia aliyemwokota barabarani, wanaompokea hawajui kama amepotea, ametupwa, au alitoka tu kuzurura na angerudi kwao kabla ya magharibi. Yatakayompata baada ya hapo yanategemea sana ni lipi kati ya hayo matatu watakalolidhania kwanza. Kwa miaka mingi vituo vingi vya kuhifadhi wanyama vimedhania la pili. Amekonda, ananuka, manyoya yamesokotana, kola hana: basi huyu katelekezwa, tumtafutie watu wema zaidi.

Dhana hiyo haikuzuka hewani. Wafanyakazi wa vituo huona mengi: watoto wa mbwa walioachwa langoni ndani ya boksi, paka waliosahauliwa kwa makusudi watu walipohama, mbwa mwenye kovu la mnyororo shingoni. Anayeyaona hayo wiki baada ya wiki ana sababu ya kuwa na shaka. Ila hata mbwa aliyezoea kulala kwenye kochi, akipotea wiki mbili mvuani, hukonda, hunuka na manyoya yakasokotana. Hali yake inaeleza wiki hizo mbili alikuwa wapi. Kuhusu nyumba aliyotoka haisemi kitu.

Takwimu zinaonyesha pengo lilivyo kubwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009, uliohusisha vituo 53 katika majimbo 23, ulikuta kwamba kati ya mbwa wote waliookotwa, waliorudi kwa wenyewe ni asilimia 21.9. Paka walikuwa asilimia 1.8, hata wawili kwa mia hawafiki. Wale waliokuwa na chipu chini ya ngozi walifanya vizuri zaidi: mbwa asilimia 52.2, paka asilimia 38.5. Tahadhari kidogo: anayemwekea mnyama wake chipu huenda ndiye huyo huyo anayezunguka vituoni kumtafuta, kwa hiyo sifa zote tusiimwagie chipu peke yake.

Tena chipu inadhaniwa kufanya mambo isiyoyaweza. Ni kitu cha ukubwa wa punje ya mchele, hakina betri, hakionyeshi mnyama alipo, na hakina jina wala simu ya mtu. Kilichomo ni namba tu, mara nyingi ya tarakimu 15, ambayo lazima itafutwe kwenye kanzidata ya kampuni iliyoisajili. Hata kuisoma kuna ufundi wake. Huwekwa katikati ya mabega lakini huweza kuteleza hadi kwenye bega au mguu wa mbele, kwa hiyo kisomaji hupitishwa taratibu, karibu kabisa na ngozi, kichwani hadi mkiani, kisha ubavu mmoja baada ya mwingine. Mfanyakazi mwenye foleni mlangoni anayekipitisha mara moja mgongoni na kuandika "hana chipu" ameshampoteza mbwa huyo mara ya pili. Ndiyo maana vituo makini husoma siku ya kupokea, husoma tena baada ya siku chache, na mara ya mwisho kabla mnyama hajakabidhiwa kwa mtu mwingine.

Namba ikipatikana, bado safari ipo. Katika utafiti ule ule, pale mwenyewe aliposhindwa kupatikana, sababu iliyoongoza ilikuwa simu isiyo sahihi au iliyokwisha kukatwa. Zaidi ya theluthi ya kesi hizo. Na kampuni za usajili nazo ni biashara, hufungwa. Mwaka 2025 kampuni ya Save This Life ya Marekani ilisitisha huduma ghafla, na watu wengi waliojiona wamesajili wakabaki na namba ambazo hakuna pa kuziuliza.

Sasa, mnyama akae muda gani akimsubiri mwenyewe? Sheria zinatofautiana. Uingereza, mbwa aliyechukuliwa na halmashauri hushikiliwa siku saba. California, sheria iliyopitishwa mwaka 1998 iliweka siku sita za kazi, zinazoweza kushuka hadi nne kituo kikifungua jioni au mwishoni mwa wiki. Wanaotaka muda mrefu wana hoja nzito: mtu anaweza kuwa amelazwa hospitali, amesafiri na kumwachia mbwa jirani, au anatafuta kwenye kituo cha wilaya yake wakati mbwa amevuka mpaka na kupelekwa cha jirani. Wanaotaka muda mfupi nao hawaongei ovyo. Vibanda vikijaa, kikohozi huhama kutoka mbwa hadi mbwa, paka huacha kula kwa woga, na kila nafasi iliyoshikiliwa ni mnyama mwingine aliyekosa pa kuwekwa.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zinabishania kalenda zaidi ya inavyostahili. Siku saba za kumfungia mbwa kibandani bila kupiga picha, bila kubandika tangazo mtaani alikookotwa, bila kumuuliza aliyemleta alimkuta kona ipi, ni siku saba za chakula tu. Siku nne za kazi ya kweli zinazishinda. Watu wengi hata hawafikirii kwenda kituoni: uchunguzi wa ASPCA, shirika la Marekani linalopinga ukatili kwa wanyama, uliotolewa mwaka 2012 ulikuta wenye mbwa waliopotea asilimia 6 tu ndio waliowapata vituoni, na wenye paka asilimia 2. Wengi wa waliofanikiwa waliwapata kwa kuzunguka mitaani na kuulizia majirani, au mnyama alirudi mwenyewe.

Paka ndio wanaovuruga hesabu zaidi. Utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa robo tatu ya paka waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500 kutoka walipotorokea. Kutokana na hayo, baadhi ya vituo siku hizi humwambia aliyeokota paka mwenye afya na aliyeshiba: mwache hapo hapo, ulizia kwanza nyumba za jirani. Wapo wanaokasirika, na siwalaumu. Kuna magari, kuna watu wakatili, na mtu aliyembeba paka mikononi hadi kituoni akiambiwa amrudishe anahisi kafukuzwa. Lakini ukikumbuka ile asilimia 1.8, kumpokea paka wa namna hiyo mara nyingi ni kumtenga na njia pekee ya kurudi kwao aliyokuwa anaijua. Mgonjwa, aliyejeruhiwa au mtoto ni habari nyingine. Huyo apokelewe bila maswali.

Kisha anatokea mtu na kusema, "Huyo ni wangu." Vituo vinaogopa matapeli, na matapeli wapo, hasa kwa mbwa wa ghali. Dawa yake ni rahisi: picha itangazwe, ila alama moja ifichwe. Anayesema bila kusita kwamba kucha moja ya nyuma ni nyeupe na ukimgeuza tumbo kuna doa la kahawia, huyo amemwogesha mbwa huyo. Kudai stakabadhi za daktari wa mifugo peke yake humfungia mlango aliyepewa mbwa na jirani yake akiwa mdogo. Picha za mwaka juzi kwenye simu, mbwa akiwa katikati ya watoto, zinanitosha kuliko risiti.

Ada ndiyo sehemu inayonikera. Gharama ni za kweli, na yupo mwenye mbwa anayeacha geti wazi kila mara, akijua kituo kitamlelea. Huyo alipe. Lakini ada inayopanda kila siku humfanya mwenye kipato kidogo apige hesabu na kumwacha mbwa, kisha kituo hicho hicho kinaendelea kumlisha kwa wiki kadhaa kikitafuta wa kumwasili. Kituo kimekosa ada na kimebaki na mbwa. Mara ya kwanza asamehewe, mara ya tatu atozwe.

Kesi ngumu kuliko zote ni ya anayechelewa. Baada ya kimbunga Katrina kuipiga Marekani mwaka 2005, wanyama wengi walisafirishwa hadi majimbo ya mbali na kuasiliwa. Wenyewe walipojitokeza, baadhi ya familia mpya zilikataa kuwarudisha na kesi zikafika mahakamani. Waliokataa waliamini mnyama alitelekezwa, ilhali wengi waliokuwa wakihamishwa hawakuruhusiwa kupanda na wanyama wao. Mwaka uliofuata Marekani ikatunga sheria inayotaka mipango ya uokoaji iwajumuishe wanyama wa nyumbani.

Mtu akija mwezi mmoja baadaye, mtoto wa familia nyingine ameshampa mbwa jina jipya, ningetaka kwanza kuona daftari la kituo. Kama limeandikwa chipu ilisomwa lini, simu zipi zilipigwa na tangazo lilibandikwa wapi, mbwa abaki alipo. Kama ukurasa ni mtupu, kituo kipige simu kwa familia hiyo na kuwaomba wakutane na mwenyewe wa kwanza, hata kama sheria haiwalazimishi kumrudisha.