Olkaria imetubeba, Menengai isikawie
Mmeandika kwamba kuchimba kisima cha mvuke wa chini ya ardhi wa kuzalisha stima ni ghali, na ni kweli, lakini jamani tuangalie mbali. Mabwawa ya stima, kiangazi kikizidi maji yanashuka na stima inaanza kusumbua, mvuke wa Olkaria kule Naivasha nao haungoji mvua, tangu 1981 unazungusha mitambo usiku na mchana na saa hii karibu nusu ya stima ya Kenya inatoka chini ya ardhi. Sisi wa Nakuru tuko na kreta ya volkano ya Menengai hapa juu ya mji, asubuhi ukisimama ukingoni unaona mvuke mweupe ukipanda, na bado fundi wa kuchomelea hapa mtaani akinunua tokeni ya stima ya shilingi mia mbili inaisha kabla amalize dirisha moja! Bei ishuke, na vijana wetu wapewe kazi ya ufundi huko ndani ya mitambo ya mvuke, sio kulinda geti tu.