Mwana wa nahodha kasimama demani

Kwanza tuelewane: sikugongwa na gari. Mama, kama kuna mtu anakusomea hii huko Langoni, mwanao yuko mzima, ana miguu miwili na macho yote. Binamu yangu, simtaji kwa sababu Shangazi naye hupita hapa, ameandika kwenye grupu la ukoo kwamba "nimebebwa na gari la mashindano mita tano." Wengine wameshanisomea dua. Ami mmoja wa Faza ameuliza mazishi ni saa ngapi. Basi wacha niseme mwenyewe, maana nikinyamaza hadi Ijumaa nitakuwa nimebebwa mita hamsini.

Na ile video mliyoiona, ya mimi na gari na vumbi jekundu, imekatwa. Elimu yote ilikuwa mwanzoni.

Mnanijua. Mimi ni Mwamu, mtu wa Lamu, nimezaliwa mji ambao gari zake unazihesabu kwa vidole na punda ndiye lori, ndiye teksi, ndiye ambulensi. Mbio nilizokua nazo ni za punda wakati wa Maulidi. Lakini tangu 2021, Safari Rally, mbio za magari za hapa Kenya, iliporudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya miaka 19, mimi na kiti changu pale barazani kwenye televisheni tumekuwa kitu kimoja. Nilimwona dereva Neuville akiongoza hadi Jumapili asubuhi, shokomzoba ikamsaliti, mwenziwe Ogier akaondoka na kombe. Ukiniamsha usiku wa manane nitakwambia mbio hizi zilianza 1953, na kwamba Shekhar Mehta alizishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo. Kuendesha gari sijui. Hilo halijawahi kunizuia kutoa maoni.

Sasa, Ijumaa nilishuka Malindi kwa arusi. Nilikuwa shahidi wa nikaha, baada ya alasiri siku ya pili yake. Nilikuwa na kanzu mpya nyeupe, ile nyeupe inayomfanya mtu atembee katikati ya njia asiguse kuta, na kofia ya vito iliyodariziwa kwa mkono, miezi minne ya macho ya dada yangu. Kofia hiyo mtaisikia tena.

Jumamosi asubuhi Binamu akaja: kuna madereva wa mbio wameleta magari yao kujaribu njia ya murram kule nyuma ya Marafa, chifu keshatangaza, watu wanakwenda kutazama. Twende, saa nane tumerudi.

Mkaniuliza kwa nini nilikwenda na kanzu. Nilipiga hesabu. Nikirudi saa nane sitakuwa na muda wa kuoga na kuvaa, basi nioge na kuvaa kabisa. Ni hesabu ya mtu anayejenga nyumba akakumbuka mlango akiwa juu ya dari.

Garini tulikuwa wanne: Binamu, fundi mmoja wa bodaboda rafiki yake, mdogo wake wa darasa la saba, na mimi. Toka daraja la Sabaki hadi Marafa sikufunga mdomo. Niliwaambia barabara nzuri ya mbio si ile laini wala si ile mbovu. Chini panatakiwa pagumu, pamekandika kama sakafu ya chokaa, na juu yake kokoto ndogo zilizolegea. Gari likiingia kona linateleza juu ya kokoto, kisha tairi linachimba, linakutana na pale pagumu, linashika. Ndiyo maana anayetangulia huumia: yeye ni mfagizi wa wenziwe. Anazisukuma kokoto kando, wa nyuma wanakuta njia imesafishwa. Ila wakirudi mara ya pili njia ishachimbika mifereji, na mawe yaliyokuwa yamelala yameamka.

Fundi akauliza kama za nchi nyingine ni hivyo hivyo. Asingeuliza! Nikampa Finland, njia ngumu iliyolainika, ina vilima gari linaruka hadi unaliona tumbo. Nikampa New Zealand, kona zimelazwa ubavu, gari linaegemea kama mtu aliyepewa mto. Nikampa Ugiriki, mawe matupu. Nikammalizia na Kedong kule Naivasha, penye lile vumbi la volkeno waliloliita fesh-fesh, laini kama unga wa ngano, gari linazama utadhani linavuka mto.

"Na mtazamaji asimame wapi?" akauliza yule mtoto.

Hapa ndipo pananiuma. Nilijibu vizuri sana. Nilisema mtazamaji atafute kona mbili tatu zinazofuatana, aone gari likija tangu mbali, si lile la kumpita mara moja kama uvumi. Asimame juu, upande wa ndani wa kona. Asisimame nje ya kona wala chini ya usawa wa njia, kwa sababu gari likimshinda dereva huelekea nje, haliji ndani. Na nikaongeza, kidole juu, kwamba upepo unaoikata njia ni neema, kwa sababu unaondoa vumbi na dereva wa nyuma anaona anakokwenda. Safari huyaachanisha magari dakika kadhaa kwa ajili ya vumbi hilo hilo.

Maneno hayo yametoka kinywani mwangu. Fundi ni shahidi, na tangu Jumamosi amenikumbusha mara kumi na nne.

Tukafika. Pahala penyewe, wallahi, kama pamechorwa. Udongo mwekundu wa Magarini, mwekundu ule wa Nyari, yale makorongo ya Marafa, kilima kidogo, njia inashuka, kona ndefu ya kushoto inayozidi kubana kadiri unavyoingia. Ndani ya kona kuna ukingo mrefu kama baraza, na juu yake kijiji kizima kimekaa: wazee kwenye vigoda, watoto juu ya mkwaju. Nje ya kona, bondeni, hapakuwa na mtu. Palikuwa na magunia ya makaa yamepangwa kungoja wateja, na bibi mmoja wa Kigiriama aliyekuwa akikaanga viazi vya karai, watoto wakimwita Hawe. Naye alikuwa anafunga karai lake, anahama.

Mnadhani nilisimama wapi.

Sikilizeni sababu zangu kabla hamjacheka. Kule ukingoni nafasi iliyobaki ilikuwa katikati ya watoto, na mtu wa kofia ya vito hakai katikati ya watoto. Halafu nilikuwa nimewaahidi nyinyi wafuasi wangu nitaenda mubashara, na kule bondeni jua lilikuwa mgongoni, picha inatoka safi. Kwa hiyo lawama nyingine ni zenu.

Hawe akanipita na karai kichwani. "Mwanangu, hapo upepo unaleta."

Nikamwambia, na hili limo kwenye video isiyokatwa, "Bibi, usiwe na wasiwasi, haya mambo yana elimu yake."

Akanitazama kanzu, toka kola hadi pindo. Hakusema kitu. Akapanda ukingoni na karai lake.

Sasa twende polepole, maana yaliyotokea yalichukua kama sekunde kumi na mimi nimeyaishi siku nne.

Kwanza, mngurumo. Ulitoka nyuma ya kilima, mzito, unakatika katika. Nikawasha simu. "Watazamaji wangu, sikieni injini hiyo. Hiyo ni turbo. Hayo magari hayafanani na haya yetu." (Egzosi ilikuwa imetoboka. Sikujua.)

Pili, vumbi juu ya miti, jekundu, linapanda kama moshi wa tanuri ya chokaa. Watoto juu ya mkwaju wakaanza kupiga kelele: "Muguka! Muguka!" Nami nikaeleza, kwa sauti ya mtangazaji, "Mnasikia wenyeji wanavyomshangilia dereva wao? Wanamwita kwa jina."

Tatu, likatokea juu ya kilima. Nilikuwa natazama kwenye kioo cha simu, si kwa macho, kwa hiyo niliona kitu cheupe, kidogo, kina mzigo juu. Nikasema, "Tazameni walivyofunga matairi ya akiba."

Yakhe, ilikuwa Probox ya muguka, yale majani ya kutafuna.

Njia ilikuwa bado haijafungwa. Magari ya mbio yalikuwa hayajaanza. Huyu bwana alikuwa na magunia yake ya majani, na wateja wake mbele huko hawajui neno subira. Lakini nimpe haki yake: sijamwona mtu, si Naivasha, si Finland, akikata kona namna ile. Alilitupa gari kushoto kabla ya kufika, mkia ukafunguka, gari zima likaja kwangu kwa ubavu kama chombo kinachobisha, dereva amelegea, mkono mmoja nje ya dirisha. Na ule mkono ukanipungia. Aliniamkia! Mtu anateleza ubavu kwa ubavu na bado ana nafasi ya salamu.

Nami nikafungua mdomo nimwambie mashallah.

Nilifika kwenye "masha".

Kokoto zilitangulia. Hizi zilinipata miguuni, kama mtu ananitupia ulezi kwa hasira. Kisha likaja vumbi, na hapo ndipo nilipojifunza nusu ya pili ya somo langu mwenyewe. Upepo unaoikata njia ni neema, unaondoa vumbi. Sikuwa nimejiuliza linapelekwa wapi. Ni kaskazi, wenzangu. Januari hii. Kijiji kizima kimekaa joshini, upande upepo unakotoka, kinakula viazi, nami mwana wa nahodha, ambaye babangu anaweza kunusa tanga limegeuka akiwa amelala, nimesimama demani, upande upepo unakokwenda, na mdomo wazi.

Halikuniangukia. Liliingia. Liliingia puani, masikioni, ndani ya kola, kati ya meno. Udongo wa Magarini una ladha ya chungu kipya kilichotiwa chumvi. Sikuona kitu. Kofia niliisikia ikiondoka, taratibu, kama mgeni anayetoka bila kuaga. Nikarudi nyuma hatua moja, ya pili, ya tatu ikakuta gunia la makaa, nami nikakaa. Gunia likapasuka. Nikajaribu kusimama kwa kushika gunia la pili, nalo likaja nami.

Simu iliendelea kurekodi. Picha ni nyekundu tupu, na sauti yangu inasema, "Niko sawa. Niko sawa." Hakuna aliyeuliza.

Vumbi likapita. Palikuwa kimya, kimya kile cha watu wanaotafuta kama kuna maiti. Nikasimama. Mbele nilikuwa mwekundu kama ukuta wa Marafa, nyuma mweusi kama sufuria, na palipobaki peupe ni kwapani tu. Punda mmoja pale ukingoni akalia. Walikuwepo punda watatu. Naapa huyo mmoja alinijua kwetu. Basi kijiji kikaachia. Mzee mmoja aliteremka kwenye kigoda chake akakaa chini kabisa, apate kucheka vizuri.

Hawe akaniita kutoka juu, kwa huruma ambayo ilikuwa mbaya kuliko kicheko: "Mwanangu, hilo lilikuwa la muguka. Ya mashindano bado."

Yaliyofuata ni mafupi. Nililipa makaa, gunia moja na nusu, nusu nyingine muuzaji alisema niondoke nayo kwa kuwa nimeshaivaa. Magari ya mashindano yalipita wakati nimeinama nyuma ya banda la Hawe namwagiwa maji machoni. Niliyasikia manne, sikuona hata moja. Binamu aliyaona yote na anasema yalikuwa mazuri. Nikaha nilihudhuria kwa kanzu ya mdogo wake bwana arusi, inaishia chini kidogo ya magoti, na pale palipotakiwa sahihi yangu pana alama ya kidole gumba ambayo sikuombwa. Kwenye picha mimi ndiye wa nyuma, mwenye masikio mekundu. Si haya, ni Magarini. Haijatoka bado.

Kofia iliangukia juu ya mzigo wa Probox. Jumapili ilionekana Adu, kichwani mwa dereva, na nasikia imemkaa. Anayemjua amwambie simlaumu, ila dada yangu anauliza.

Na jana usiku Baba akapiga. Keshaiona video, mpwa alimwonyesha. Hakuniuliza kama nimeumia. Hakuuliza habari ya gari. Alinyamaza kidogo, nikasikia bahari nyuma yake, kisha akasema:

"Upepo ulikuwa watoka wapi?"

"Kaskazi, Baba."

"Nawe usimeme wapi?"

Nikamwambia mtandao unakatika.